Gundi Kwenye Tipa

Mtu akiendesha tipa la machimboni tangu ujana wake, akapanda nalo mlima likiwa tupu na kushuka nalo bondeni limejaa mawe, asipoteze hata ukucha, ana haki ya kuvunjika mguu mahali penye heshima. Mama Tipa alivunjika bafuni kwake. Sabuni ilimponyoka, akaikanyaga, akaenda chini mzima mzima, na mguu wa kushoto ukaitika. Jambo hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Waliokuja kumpa pole walipouliza ilikuwaje, aliwajibu, "Ajali," kisha akaangalia pembeni ili waelewe kwamba mazungumzo hayo yamekwisha.

Basi akakalishwa kwenye kochi la sebuleni, mguu umefungwa plasta ngumu hadi juu ya goti na kupandishwa juu ya kistuli, na nyumba nzima ikaanza kumtunza. Laiti wangemtunza kama mtu. Walimtunza kama yai. Mumewe ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kinatenganishwa na sebule kwa pazia tu, kwa hiyo kila kochi lilipolia, cherehani ilinyamaza. "Unataka nini, mke wangu? Usiinuke! Nakuja!" Binti yao mkubwa, mwalimu, mtu wa kuwapangia watu mambo yao hata wasipomwomba, alipita kila jioni akitoka shuleni, akambusu mama yake kwenye paji la uso kama maiti, halafu akaingia nyuma ya pazia kunong'ona na baba yake. Mama Tipa alikuwa na mguu mbovu, si masikio mabovu, lakini walishusha sauti kiasi kwamba aliambulia miguno tu.

Kitu kimoja ndicho kilichomshikilia asipasuke. Msimamizi wa machimbo alimpigia simu wiki ile ile aliyoanguka, akamwambia, "Ugua pole, Mama Tipa. Gari lako linakusubiri. Halishiki mtu." Maneno hayo aliyatafuna kila asubuhi pamoja na chai. Gari langu linanisubiri.

Kisha mkwe wake akaja na boksi.

Huyu ndiye mume wa binti, kijana mpole anayeuza redio na pasi katika duka la vifaa vya umeme. Boksi lilikuwa kubwa hata ikabidi aingie nalo mlangoni kiubavu. Juu yake palichorwa tipa la manjano, limeinua bodi, linamwaga.

"Ni la kuchomeka, Mama," akasema, akilitua mezani kwa adabu zote. "Vitofali vya plastiki. Unalijenga mwenyewe. Lina mota, lina rimoti, linatembea na kumwaga kabisa. Nikasema, labda Mama amelikumbuka tipa lake."

Mama Tipa akalitazama boksi. Akamtazama mkwe.

"Mwanangu, mimi nina umri gani?"

"Mama, hivi hata watu wazima wanajenga siku hizi..."

"Nimekuuliza nina umri gani."

Mkwe akakagua viatu vyake. Na kwa kuwa mkwe hatukanwi, Mama Tipa alimeza mate, akasema ahsante, Mungu akubariki, na akangoja mpaka geti lilipofungwa. Hapo ndipo alipopaza sauti kuelekea kwenye pazia.

"Umeona? Nimevunjika mguu, naletewa midoli! Nikivunjika mkono mtaniletea chuchu ya bandia ninyonye?"

"Kijana ana nia njema," ilijibu sauti nyuma ya pazia.

"Nia njema! Nyumba hii nia njema zimejaa mpaka hakuna pa kukanyaga."

Boksi lilikaa pale mezani likimtazama. Alilifungua mwishowe kwa hasira, si kwa hamu, na hilo alitaka lijulikane. Alitaka tu aone waliolitengeneza walivyodanganya. Alichokuta ni mifuko na mifuko ya vitofali, fito za plastiki zenye matundu, magurudumu ya mpira, giya za kila ukubwa, mota mbili, kisanduku cha betri, na kijitabu cha picha kinachoonyesha kipi kichomekwe wapi. Fundi alimletea vifuniko vya makopo yake ya vifungo, naye Mama Tipa akatenga vitu kwa rangi na kwa ukubwa, na kufikia chakula cha mchana alikuwa hasikii tena akiitwa.

Alijenga fremu kwanza, maana gari ni fremu, mengine ni mapambo. Akaweka ekseli, akaweka mota ya kutembeza, ikaja mota ya kuinua bodi, kisha kichwa cha gari chenye milango inayofunguka. Vidole vilivyozoea usukani mpana kama sinia vilihangaika na vitu vidogo kama punje, akavitukana, akavizoea. Likaisha siku moja alasiri. Refu kama mkono wake wote, zito, zuri. Akabonyeza rimoti. Tipa likatembea mpaka chini ya kabati, likarudi, likasimama, likainua bodi yake juu taratibu, na Fundi aliyekuwa amechungulia kwenye pazia akapiga makofi.

"Unapiga makofi ya nini?" Mama Tipa akasema. "Tupu hata mimi naweza kuinua. Niletee maharage."

Yakaletwa maharage makavu kutoka jikoni, akajaza bodi mpaka ukingoni, akabonyeza. Mota ikaguna. Giya zikaanza kurukana meno, ta-ta-ta-ta-ta. Bodi ikainuka upana wa kidole, ikatetemeka, ikalala tena.

Mama Tipa alijisikia kudharauliwa, hakuna neno lingine. Mtu alikaa kwenye kiti chake huko aliko, akachora tipa lisiloinua mzigo, na akaandika juu ya boksi kwamba ni tipa.

"Ni mdoli tu, mama watoto," Fundi akajaribu.

"Kitu kikiitwa tipa, kimwage! Wewe ukimshonea mtu suruali isiyopita miguuni, utamwambia ni mdoli tu?"

Akakibwaga kile kijitabu nyuma ya kochi na akaanza kufumua.

Marekebisho yake ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Alijua kwamba nguvu iko kwenye giya, hilo dereva gani hajui, lakini kwa haraka aliweka giya kubwa kwenye mota na ndogo kwenye bodi, badala ya kinyume chake. Akapakia maharage machache kwa majaribio, akabonyeza. Bodi haikuinuka, ilifyatuka. Maharage yaliruka juu ya kochi, yakapenya kwenye mwanya wa pazia, yakamwagikia shela ya bibi harusi iliyokuwa imetandazwa kwenye meza ya kukatia. Kisha Fundi akatokea na harage kwenye kola, uso umemkunjika kwa kujizuia, na wote wawili wakacheka mpaka Mama Tipa akalazimika kuushika mguu wake kwa mikono miwili.

Akageuza giya. Ndogo ikawa inasukuma kubwa, na kubwa ikabeba nyingine ndogo inayosukuma nyingine kubwa. Sasa bodi ilipanda polepole, lakini ilipanda na maharage yote, bila kuguna, na Mama Tipa akasikia furaha ikimpanda kifuani. Haikudumu. Mzigo ulipofika nyuma, gari lote lilinyanyua magurudumu ya mbele. Akalifumua tena, akahamishia kisanduku cha betri chini ya kichwa cha gari kiwe uzito wa mbele. Ikaonekana fremu inajipinda, akalifumua, akaipa fito za kukingama. Mlango wa nyuma ukawa haufunguki wenyewe, akalifumua. Kila dosari moja ilikuwa imejificha nyuma ya nyingine, na kila moja ilimkasirisha upya, na alikuwa hajawahi kuwa na hasira tamu kama hizo.

Aliyeumia ni Fundi. Katika kazi yake, kufumua ni msiba. Mtu hufumua alipokosea, mteja akiwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Fundi ni mtu anayefunga kila mwisho wa mshono kwa kurudi nyuma na sindano, halafu akakata uzi, na kilichokatwa uzi kimekwisha. Kila aliposikia vile vitofali vikibanduliwa alitoka na utepe wa kupimia shingoni, uso wa huzuni.

"Lakini jana lilikuwa zuri!"

"Jana lilikuwa linavuta kushoto."

"Si uliache tu lilivyo?"

"Nikiliacha lilivyo litabaki lilivyo, baba watoto."

Hakuelewa. Alirudi kwenye cherehani yake akitikisa kichwa, na Mama Tipa akaendelea kubandua, bila kujua kwamba mumewe alikuwa ameanza kulipenda lile gari kwa namna yake mwenyewe.

Siku ya kutolewa plasta, binti aliomba ruhusa shuleni akampeleka hospitali. Mguu uliotoka mle ndani ulikuwa mwembamba na mkavu, kama wa mtu mwingine. Daktari akaukunja, akaukunjua, akasema mfupa umeunga vizuri, misuli ndiyo imelala, afanye mazoezi, asiharakishe. Mama Tipa alisikia "umeunga vizuri" tu. Alirudi nyumbani kwa magongo, moyo mweupe. Pale kwenye benchi la kungojea alikuwa amekwisha kulitatua tatizo la mwisho, la magurudumu ya mbele kukata kona kwa shida, na alichotaka ni kukaa, kufumua sehemu ya mbele, na kujaribu.

Tipa halikuwa mezani. Lilikuwa juu ya kabati la vyombo, juu ya kitambaa cha kufuma, limefutwa vumbi na kung'arishwa, limegeuzwa upande kama kwenye picha ya boksi. Fundi alisimama pembeni yake, mikono nyuma, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Karibu nyumbani," akasema.

"Umelipandisha huko la nini? Lishushe, nataka kufungua mbele."

"Halifunguki tena."

Mama Tipa alidhani ni utani. Alilifikia kwa gongo moja, akashika kitofali cha pembeni, akavuta. Hakikutoka. Akashika kingine. Ndipo harufu ilipomfikia, ile harufu kali ya gundi inayochoma macho.

"Nimeligandisha," Fundi akasema kwa fahari. "Kimoja kimoja, tangu mlipotoka. Tazama, hakuna hata tone lililovuja. Umelihangaikia sana, mke wangu. Sasa halitabomoka tena."

Kweli halikuvuja hata tone. Alikuwa amefanya kazi safi, na usafi huo ndio uliomkata maini. Akachukua rimoti, akabonyeza. Mota ya bodi ikanguruma mahali fulani ndani, ikanyamaza. Gundi ilikuwa imeingia kwenye giya.

"Nani kakwambia limekwisha?" Alianza kwa sauti ndogo, nayo ikapanda yenyewe. "Nani? Niliwahi kusema limekwisha? Gari langu! Kazi ya mikono yangu! Umeona naondoka, ukasema huyu hajui anachofanya, ngoja nimmalizie?"

"Nilitaka kukufurahisha..."

"Ungeniuliza! Mdomo ninao! Nilivunjika mguu, sikuvunjika mdomo!"

"Mama!" Binti akaingilia, mkoba bado begani. "Baba ameshinda nalo tangu asubuhi, unamfokea? Kweli shukrani ya punda ni mateke. Tutakununulia jingine, basi. Utajenga taratibu, muda unao, hakuna anayekukimbiza kazini."

"Mimi ndiye ninayekimbilia kazini. Gari linanisubiri."

Fundi alishika utepe wake wa kupimia na kuanza kuukunja, akaukunja mpaka ukaisha. Binti akatazama dirisha.

"Linanisubiri," Mama Tipa akarudia. "Au vipi?"

"Tuliongea na msimamizi, Mama," binti akasema. "Mimi na baba. Tulimwambia umeamua kupumzika. Umefanya kazi vya kutosha, jamani. Gari wamempa mtu mwingine."

Damu ilimchemka mpaka masikio yakaziba. Kumbe hiyo ndiyo minong'ono ya nyuma ya pazia! Yeye amekaa hapa anakunjakunja vidole vya mguu ndani ya plasta visije vikasahau kazi, na hatua chache kutoka kwake watu wanamzika.

"Mlimwambia nimeamua. Mimi."

"Tulisema familia imeamua."

"Familia ni nani? Katika hiyo familia mimi nilikuwa nani, kochi?"

"Niliogopa," Fundi akasema. Hakuinua macho. "Siku ile bafuni nilisikia kishindo, nikaita, hukuitika. Nilijua umekufa. Na miaka yote hii kila jioni nasikiliza geti, nasubiri uingie. Nimechoka kusubiri geti."

Mama Tipa alilisikia neno hilo, na lilimuuma, kwa sababu hakuwahi kuambiwa. Lakini halikumzima.

"Kwa hiyo woga uwe wako, kazi niache mimi," akasema. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, baba watoto. Mguu ni wangu, kiti ni changu. Kama unaogopa, njoo uniambie unaogopa. Usinitie gundi."

Asubuhi alipoamka alimkuta Fundi amekaa kwenye cherehani yake, tipa amelipakata, kiwembe cha kufumulia mkononi, anajaribu kuingiza ncha kati ya kitofali na kitofali. Kidole kilikuwa kimefungwa kipande cha kitambaa chenye damu. Alikuwa amefanikiwa kutoa taa moja.

"Acha," akamwambia. "Hilo sasa ni sanamu. Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa aliyeambiwa nimeamua."

Machimboni vumbi lilikuwa pale pale lilipoachwa, na mashine ya kusaga mawe ilikuwa ikipiga kelele zile zile. Msimamizi alitoka kwenye kibanda chake, kofia ngumu mkononi, akamwona mwanamke kwenye magongo ndani ya ovaroli, na mumewe nyuma yake akijikinga macho na vumbi.

"Mama Tipa! Mbona... Mzee alisema..."

"Mzee aliwahi kuendesha gari langu?"

"Hapana."

"Basi tuanzie hapo. Liko wapi?"

Lilikuwa limeegeshwa karibu na mizani, linasubiri zamu. Msimamizi alikuna kichwa, akasema haya, jaribu tu, halina mzigo. Alipanda kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, magongo akamwachia Fundi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya mtu mwingine. Akakivuta kwa hasira mpaka kikaingia mahali pake, akashika usukani, akaweka mguu wa kushoto kwenye klachi, akakanyaga.

Klachi ikashuka nusu. Mguu ukaanza kutetemeka, maumivu yakapanda hadi nyongani, na kile kipande cha chuma kikausukuma unyayo wake juu, taratibu, kama mtu anayemrudisha mgeni mlangoni. Akakanyaga tena kwa uzito wa mwili mzima. Nusu ile ile. Akakanyaga tena. Macho yalijaa machozi, na hakuwa na huzuni hata chembe, alikuwa na hasira tu, hasira na mguu, na sabuni, na kila mtu aliyekuwa amesimama pale chini. Alijua wanachosubiri kusikia. Alijua pia angeweza kudanganya, akasema tayari, na kuomba Mungu. Lakini ule mteremko aliujua. Mtu anayeushuka na mawe akiwa na nusu klachi hashuki peke yake, anashuka na waliopo chini.

Akashusha kioo.

"Klachi inanishinda," akasema kwa sauti ya kusikika juu ya ile mashine. "Mguu haujawa tayari. Nasema mimi. Nitakwenda kufanya mazoezi, nitarudi kujaribu, na ukinishinda tena nitarudi tena. Huyo mliyempa ni wa muda, mwambieni. Siku nikiacha kazi utasikia kwa mdomo huu."

Msimamizi alitikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake. Kisha, kwa mazoea tu, akamgeukia Fundi, akasogea karibu na kushusha sauti.

"Sasa mzee, tuelewane. Hii tuseme ni likizo, au ndiyo ameacha?"

Fundi alikuwa amekumbatia magongo, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifungua mdomo. Kule juu Mama Tipa alikuwa amefungua mlango wa gari na mguu mzima umekwisha kushuka kwenye ngazi, na hapo hapo akasimama.

"Unaniuliza mimi?" Fundi akasema, wala hakushusha sauti. "Mimi nashona nguo. Mwenye gari yule pale."